Kutuliza Mtetemo wa Vyombo Vyepesi kwenye Barabara za Busia na Tororo

Chombo chochote kinachotembea juu ya ardhi hupokea mtetemo kutoka pande mbili, yaani kutoka barabarani kupitia magurudumu na, kama kina injini, kutoka kwenye injini hiyo, na kadiri chombo kinavyokuwa chepesi ndivyo mtetemo huo unavyokitawala, kwa kuwa uzito mdogo hauna ukinzani mkubwa dhidi ya nguvu inayousukuma juu na chini. Katika eneo la Mwello na vijiji vya jirani, kati ya miji ya Busia na Tororo kwenye mpaka wa Uganda na Kenya, sehemu kubwa ya usafiri wa kila siku hufanywa na vyombo vya aina hiyo. Muhogo, mahindi, trei za mayai zinazovushwa kuelekea Kenya, samaki wa Majanji, saruji ya Tororo, mtoto anayepelekwa zahanati na mama anayekwenda kujifungua, wote hupanda baiskeli au pikipiki ambayo yenyewe haizidi sana uzito wa watu wawili. Ni katika mpaka huuhuu, mjini Busia, ambako kazi ya bodaboda inaaminika kuwa ilianza katika miaka ya 1960, kwa baiskeli za chuma zisizo na springi yoyote zaidi ya zile za kiti, na ambazo abiria wake aliwekewa mto wa sponji juu ya keria ili mifupa yake isiumie. Mto ule ulikuwa kifaa cha kutuliza mtetemo, na tangu wakati huo vyombo vimebadilika sana kuliko elimu ya kuvituliza ilivyowafikia wanaovitumia.

Ili kuielewa shida yenyewe, ni lazima kuanza na tabia moja ya vitu vyote vyenye uzito na mnyumbuko. Kitu kama hicho kikisukumwa mara moja na kuachwa, huyumba kwa mwendo wake maalumu, na idadi ya mayumbo hayo kwa sekunde moja huitwa marudio asilia, ambayo hupimwa kwa kipimo cha hezi. Hezi moja ni yumbo moja kamili kwa sekunde. Springi ikiwa ngumu, marudio asilia hupanda, na uzito ukiongezeka, hushuka. Pale ambapo nguvu ya nje, kama vile mashimo yanayofuatana barabarani, inapogonga kwa marudio yaleyale ambayo kitu kingependa kuyumba, kila pigo huongeza nguvu ya lile lililotangulia, na mtetemo hukua kupita kiasi. Hali hiyo huitwa resonansi, na ndiyo inayolegeza nati, kupasua fremu na kumwaga mzigo. Kinachouzuia mtetemo usikue bila kikomo ni ufifishaji, yaani njia yoyote ya kuichukua nishati ya mtetemo na kuigeuza kuwa joto, iwe kwa msuguano, kwa mpira unaonepa, au kwa mafuta yanayolazimishwa kupita katika tundu dogo.

Barabara za murramu za eneo hilo huonyesha jambo hili waziwazi kuliko maabara nyingi. Baada ya wiki chache za ukame, uso wa barabara hujikunja kama bati, na mikunjo hiyo mara nyingi huachana kwa umbali wa kati ya nusu mita na mita moja. Mwaka 2007 watafiti wa Ufaransa, Kanada na Uingereza walionyesha, kwa kuzungusha gurudumu juu ya mchanga maabarani, kwamba mikunjo hiyo hujitokeza yenyewe pindi mwendo unapovuka kiwango fulani, na kwamba huwepo hata pale gurudumu linapokosa springi, hivyo kuilaumu tingatinga iliyosawazisha barabara si haki. Sasa ichukuliwe pikipiki inayokwenda kilomita 36 kwa saa, ambazo ni mita 10 kwa sekunde, juu ya mikunjo inayoachana kwa sentimita 80. Gurudumu litapigwa mara 12.5 kila sekunde, na gurudumu la chombo chenye springi lina marudio asilia ya takriban hezi 10 hadi 15. Mwendo ambao mtu mwangalifu angeuchagua ndio hasa unaoliamsha gurudumu likaruka. Madereva wenye uzoefu wanalijua hilo kwa miili yao, na ndiyo sababu wengi wao huongeza mwendo hadi mtikisiko upungue. Kwa kilomita 72 kwa saa mapigo hufika 25 kwa sekunde, resonansi huachwa nyuma, na kiti hutulia. Lakini utulivu huo una gharama, kwa sababu gurudumu linalogusa vilele vya mikunjo tu hukamata ardhi kwa muda mfupi mno, na breki ikihitajika ghafla, hakuna kitu cha kukamata.

Hata hivyo barabara ni nusu tu ya tatizo. Nusu ya pili, ambayo huzungumzwa mara chache ingawa ndiyo kiini cha jambo zima, ni mzigo. Pikipiki ya kawaida ya bodaboda ina uzito wa kilo 120 hivi. Dereva wa kilo 70 akiipanda peke yake, jumla ni kilo 190. Akipakia abiria wawili wa kilo 65 kila mmoja pamoja na gunia la kilo 50, jumla hufika kilo 370, karibu mara mbili ya ile ya kwanza. Kwa kuwa marudio asilia hubadilika kinyume na kipeuo cha pili cha uzito, yaani uzito ukizidi mara nne marudio hupungua kwa nusu, hesabu ya haraka inaonyesha kwamba marudio ya pikipiki hiyo hushuka kwa asilimia 28, na nguvu ya ufifishaji, ikilinganishwa na mahitaji mapya, hushuka kwa kiasi hichohicho. Gari dogo la kilo 1,400 likipakia watu watatu wenye jumla ya kilo 200 hushuka kwa asilimia 6 tu. Kwa hiyo mhandisi wa gari kama hilo anaweza kuchagua kipimo kimoja cha shokapu na kikamfaa siku zote, ilhali yule wa pikipiki, hata awe hodari namna gani, akichagua kipimo kimoja atakuwa amekosea ama asubuhi pikipiki ikiwa tupu, ama jioni ikiwa imejaa. Wepesi wa chombo ndio unaodai kifaa kinachojirekebisha.

Shokapu, ambayo ni kifaa cha kufifisha kinachofahamika zaidi, ni silinda yenye mafuta na pistoni iliyotobolewa matundu madogo. Springi huubeba uzito na kuurudisha juu, na mafuta yanayobanwa katika matundu hayo huizuia springi isiendelee kucheza. Bila mafuta springi hubaki peke yake, nayo haijui kutulia. Kwenye karakana za kando ya barabara kuu ya Tororo huonekana kwa urahisi jinsi hali hiyo inavyofikiwa: mguu wa mbele wa pikipiki una mkono wa chuma uliong'arishwa, unaoingia na kutoka ndani ya ala yake kupitia pete ya mpira iitwayo sili, vumbi jekundu hushikamana na utando mwembamba wa mafuta juu ya chuma, likageuka tope gumu linalosaga ukingo wa sili, kisha mistari myembamba ya mikwaruzo hutokea kwenye chuma chenyewe, na mafuta huanza kuteremka polepole hadi kwenye breki. Fundi hubadilisha sili na kumimina mafuta mengine, mara nyingi ya injini, ambayo ni mazito kuliko yale ya kiwandani. Kwa kufanya hivyo amebadilisha ufifishaji wa pikipiki, kwa kuwa mafuta mazito hupita kwa shida zaidi katika tundu lilelile. Na kama mteja wake hubeba mizigo mizito kila siku, huenda amefanya jambo lililo sahihi. Ujuzi wa namna hiyo unastahili heshima, na unastahili kupewa vipimo.

Wazo la kuutuliza mtetemo kwa mtetemo mwingine ni la zamani kidogo. Mwaka 1909 mhandisi Mjerumani Hermann Frahm aliomba hataza ya kifaa ambacho kilikuwa na uzito mdogo uliofungwa kwa springi juu ya chombo kikubwa, ukiwa umepimwa ili marudio yake asilia yalingane na yale ya mtetemo unaosumbua. Chombo kikubwa kinapoanza kutetema, uzito mdogo huyumba kinyume chake na kuipokea nishati, na kile kikubwa hutulia. Mwaka 1928 Ormondroyd na Den Hartog walichapisha nadharia iliyoonyesha namna ya kukipima kifaa hicho, ambacho hapa kitaitwa kinyonyamtetemo. Gari la Citroën 2CV, lililoonyeshwa Paris mwaka 1948, lilibeba vinyonyamtetemo hivyo kwenye magurudumu yake, kila kimoja kikiwa kopo lenye uzito juu ya springi ndani ya mafuta. Inafaa kukumbuka kwamba gari hilo lilikusudiwa wakulima wa Ufaransa wenye barabara mbaya, na kwamba sharti walilopewa wabunifu ni gari liweze kuvuka shamba lililolimwa likiwa na kapu la mayai bila yai kuvunjika. Sharti hilo lingeandikwa leo na mfanyabiashara wa mayai wa Busia, neno kwa neno.

Udhaifu wa kinyonyamtetemo cha Frahm ni kwamba hukihudumia chombo kwa marudio mamoja tu. Mzigo ukiongezeka na marudio ya chombo yakashuka, kifaa hubaki kimepimwa kwa hali iliyopita, na chombo kinaweza kuangukia mojawapo ya resonansi mbili ambazo kifaa huzizua badala ya ile moja, moja juu ya marudio yaliyopimwa na nyingine chini yake. Kutokana na udhaifu huo ndipo ulipozaliwa utafiti wa vifaa vinavyojirekebisha, yaani vile vinavyohisi hali ya sasa na kubadilisha ugumu wa springi yao au ukali wa ufifishaji wao wakati chombo kinaendelea na safari.

Kifaa cha aina hiyo kilichofika mbali zaidi sokoni ni shokapu yenye mafuta ya sumaku. Jacob Rabinow, aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi ya taifa ya viwango ya Marekani, aligundua mwishoni mwa miaka ya 1940 kwamba mafuta yaliyochanganywa na chembe laini za chuma hubadilika tabia yakiwekwa kwenye uga wa sumaku: chembe hujipanga mistari, na kile kilichokuwa kioevu huwa kizito mno ndani ya milisekunde chache, kisha hurudi kuwa kioevu umeme unapokatwa. Ugunduzi huo ulisubiri zaidi ya nusu karne kabla ya kufungwa kwenye gari la kuuzwa, nalo lilikuwa Cadillac Seville ya 2002. Ndani ya shokapu hiyo hakuna vali inayosogea; koili ya waya iliyo kwenye pistoni hupewa umeme mwingi au kidogo, na shokapu huwa ngumu au laini papo hapo. Kwa upande wa pikipiki, BMW ilizindua mwaka 2012 pikipiki ya HP4 ambayo vali za shokapu zake huendeshwa na kompyuta kwa kufuata vihisio vinavyopima mwendo wa magurudumu.

Kompyuta hiyo inahitaji kanuni ya kufuata, na iliyo maarufu kuliko zote ilitolewa na Dean Karnopp na wenzake mwaka 1974. Walianza kwa kuwazia kwamba mwili wa gari umefungwa kwa shokapu inayoning'inia kutoka angani, ambako hakuna mashimo, kisha wakatafuta jinsi shokapu ya kawaida, iliyoshikana na gurudumu, ingeweza kuiga ile ya kuwaziwa. Jibu lao ni jepesi kulieleza. Pale ambapo nguvu ya shokapu ingeupinga mwendo wa mwili wa gari, na iwe ngumu. Pale ambapo ingeusukuma mwili kwenda mbali zaidi, na ilegee. Uamuzi huo hufanywa mara nyingi kwa sekunde, na huhitaji umeme kidogo, kwa sababu shokapu haisukumi chochote, huchagua tu ni lini ikaze na ni lini iachie.

Mtetemo wa injini una sura tofauti. Injini ya silinda moja inayozunguka mara 1,500 kwa dakika hutoa mapigo ya hezi 25, na ikifika mizunguko 6,000 hutoa hezi 100, maana yake dereva akipanda kilima na kuteremka hupitia marudio yote yaliyo katikati, na mahali fulani njiani hendeli, sahani ya namba au kioo cha pembeni hufikia resonansi na kuanza kuvuma. Vile vyuma vya mviringo vilivyofungwa kwenye ncha za hendeli, ambavyo wengi huviona kuwa mapambo na hata kuvitoa, vimewekwa ili kuongeza uzito pale mikono inaposhika na kuyashusha marudio asilia ya hendeli mbali na eneo ambalo injini hukaa muda mrefu. Kinyonyamtetemo kinachojirekebisha kingeweza kuifuata injini: kihisio husoma mizunguko, na mota ndogo husogeza uzito juu ya kipande cha chuma kinachonepa, uzito ukiwa mbali marudio hushuka, ukiwa karibu hupanda. Kwa mabati membamba ya basi au paneli za plastiki zipo vibandiko vya pizoelektriki, ambavyo vinategemea tabia iliyogunduliwa na ndugu Jacques na Pierre Curie mwaka 1880, kwamba fuwele fulani zikibanwa hutoa umeme. Kibandiko cha gramu chache hugandishwa kwenye paneli, paneli inaponepa umeme hutokea, na sakiti ndogo huuteketeza kuwa joto, nishati ya mtetemo ikapotea nao.

Suala la paneli si la mbali na Afrika Mashariki. Kampuni ya Kiira Motors ya Uganda, iliyochipuka kutoka Chuo Kikuu cha Makerere ambako gari la umeme la Kiira EV lilionyeshwa mwaka 2011, ilionyesha mwaka 2016 basi la Kayoola lenye paneli za jua juu ya paa, na kiwanda chake kiko Jinja, kwenye barabara ileile inayokuja Tororo. Kila kilo inayopunguzwa kwenye basi la umeme huongeza umbali ambao betri inaweza kulifikisha, lakini mabomba membamba yaliyochomelewa hayana msuguano ule wa ndani unaopatikana kwenye viungo vya bolti na ribiti, na uzito ukiwekwa juu ya paa lililobebwa na nguzo nyepesi, marudio asilia ya mwili wa basi hushuka na kukaribia yale ya barabara. Pikipiki za umeme zinazoenea Kampala na Nairobi zina jambo lao pia, kwa sababu betri ni mzigo mzito uliowekwa mahali pamoja, na viungio vyake vya umeme huchoka kwa mtetemo kama chuma kingine chochote.

Mwili wa binadamu nao ni chombo chepesi chenye marudio yake. Aliyeketi huathirika zaidi na mtetemo wa wima wa hezi 4 hadi 8, ambao huyumbisha tumbo na uti wa mgongo, na mikono inayoshika hendeli inayotetema kwa miaka mingi inaweza kupoteza hisia za vidole kwa kudhurika kwa mishipa ya damu na ya fahamu. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2002, uliweka mipaka kwa mfanyakazi wa saa nane: kwa mikono, hatua zianze kuchukuliwa kwenye kiwango cha mita 2.5 kwa sekunde mraba na kisivukwe kiwango cha 5. Kwa mwili mzima, viwango ni 0.5 na 1.15. Dereva wa bodaboda anayeshinda barabarani tangu alfajiri ni mfanyakazi kama huyo, na mgongo wake hauna thamani pungufu kuliko wa dereva wa forklifti wa Hamburg.

Je, shokapu ya mafuta ya sumaku ifungwe kesho kwenye pikipiki ya Mwello? Hapana, bei yake, vumbi, maji ya mvua za masika na ukosefu wa vipuri vingeishinda. Lakini kujirekebisha hakulazimu umeme. Springi ndani ya springi, ambayo Bajaj imeifunga kwenye pikipiki zake za Boxer, huwa laini kwa dereva mmoja na kukaza mzigo unapoongezeka, nayo ni hatua ya kwanza ya kujirekebisha, ingawa hurekebisha ugumu bila kugusa ufifishaji. Pete ya ngazi iliyo chini ya springi za nyuma, inayozungushwa kwa spana, huinua kimo cha pikipiki iliyolemewa, na haiongezi nguvu ya mafuta hata kidogo, jambo ambalo mafundi wengi hawajaelezwa. Zipo pia shokapu, mfano zile za Koni kwa magari madogo, zenye vali ya mafuta inayotofautisha yumbo la polepole na pigo la haraka, ikikaza kwa la kwanza na kulegea kwa la pili, bila waya wala kihisio. Vali ya namna hiyo, ikiunganishwa na nyingine inayofungwa taratibu kadiri springi inavyobanwa na mzigo, ndicho kifaa ambacho pikipiki ya mpakani inakihitaji, na hakuna kitu ndani yake kisichoweza kutengenezwa kwa mashine ya kukereza chuma.

Kazi hiyo ina mwenyewe wa karibu. Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina kitivo cha uhandisi katika wilaya ya Busia, umbali mfupi kutoka kwenye barabara zinazozungumziwa hapa, na kipimo cha kuanzia kiko mfukoni mwa kila mwanafunzi, kwa kuwa simu ya kisasa ina kihisio cha mchapuko kinachoweza kurekodi mtetemo mara mia moja au zaidi kwa sekunde. Simu moja ikifungwa kwenye fremu na nyingine kwenye keria, pikipiki ikiwa tupu kisha ikiwa imejaa, kutoka Mwello hadi lami na kurudi, zitatoa takwimu ambazo wabunifu wa viwanda vya mbali hawawezi kuzipata mezani pao. Mashirika ya viwango ya Uganda na Kenya yanastahili kuzidai takwimu hizo, na kuzitumia kuwataka wauzaji wathibitishe kwamba shokapu zao hufifisha mtetemo kwa mzigo unaobebwa kweli barabarani.

Wakati kazi hiyo ikisubiriwa, mwenye pikipiki anaweza kuipima yake leo. Aikandamize mbele kwa uzito wake wote akiwa ameshika breki, kisha aiachie: ikipanda na kutulia, mafuta yanafanya kazi; ikiendelea kucheza mara mbili au tatu, ufifishaji umekwisha, na sili na mafuta vibadilishwe kabla ya kupakia abiria mwingine.